Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya na wazee Zanzibar: Maradhi ya kusahau yapimwe

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Afya na Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto; kwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi; na kwa masheha wetu wa Unguja na Pemba.

Assalaam alaykum.

Nakuandikieni kutoka Wete nikiwa na ombi moja, na nalitanguliza lisije likapotea katikati ya maneno mengi. Naomba dimensia, hali ambayo huku kwetu wengi tunaiita maradhi ya kusahau, iingizwe katika huduma za kawaida za afya na za ustawi wa wazee hapa Zanzibar. Iulizwe kituoni, ipimwe, iandikwe kwenye cheti cha mgonjwa, na nyumba yenye mgonjwa ijulikane. Siombi jumba jipya. Naomba wagonjwa hawa wapite katika njia ambazo Serikali imekwisha kuzifungua.

Njia zipo, na kwa hilo mnastahiki shukrani kabla sijalalamika. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa Pencheni Jamii kwa wazee waliofika miaka 70, hata yule aliyelima na kuvua maisha yake yote bila ya kuajiriwa na mtu. Katika Afrika Mashariki hakuna aliyetutangulia kwa pencheni ya namna hiyo, inayotoka katika mfuko wa Serikali yenyewe. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Tunayo Sheria ya Masuala ya Wazee ya mwaka 2020. Zipo nyumba za wazee Sebleni na Welezo kule Unguja, na Limbani hapa hapa Wete. Wapo masheha wanaomjua kila mtu na mlango wake. Wapo wahudumu wa afya wa jamii wanaoingia majumbani na simu mkononi kumuuliza mama mjamzito na mwenye mtoto mchanga anaendeleaje. Huingia kwetu pia. Wakishamaliza ya mtoto huaga wakaenda zao, na bibi aliyekaa jamvini pembeni, anayeuliza swali lile lile tangu asubuhi, hakuna aliyetumwa kuuliza khabari yake.

Nieleze maradhi yenyewe, kwa sababu nimewaona hata watu waliosoma wakiyachanganya na uzee. Uzee una usahaulifu wake, na hauna madhara makubwa. Mtu hupoteza miwani asubuhi, akakumbuka baadaye kuwa aliiacha msikitini. Mwenye dimensia huishika miwani mkononi asijue ni ya kufanyia nini. Mama yangu alipika wali wa nazi tangu utotoni, akatupikia sisi na wajukuu. Ilifika siku akalitia tui chunguni, akasimama na upawa mkononi, hajui kinachofuata. Baada ya hapo yakaja mengine: kukosea njia ya kwenda kwa dada yake, nyumba ya pili kutoka kwetu, kushindwa kuhesabu chenji, na lile lililoivuruga nyumba nzima, kumtuhumu mkwe wake kuwa kamuibia kanga. Kanga alizificha mwenyewe chini ya godoro, na hakumbuki. Mkwe alilia siku ile, na laiti tungelikuwa tumeambiwa mapema kwamba tuhuma kama hizi ni dalili, kama homa ilivyo dalili ya malaria, asingelia.

Dimensia ni jina la jumla. Chini yake yamo maradhi kadhaa yanayouharibu ubongo kidogo kidogo. Kubwa lao ni Alzheimer, lililopewa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliyelieleza mbele ya wenzake mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linasema huenda likachangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. La pili hutokana na mishipa ya damu ya ubongo, na hilo ndilo linalonitisha zaidi kwa visiwa vyetu, maana watu wenye presha na kisukari tunao wengi, na viharusi vidogo vidogo humshusha mtu ngazi baada ya ngazi mpaka nyumba ikashtuka kumbe mzee si yule tena.

Yapo mengine mawili ambayo sisi huyahukumu kabla ya kuyajua. Moja huitwa dimensia ya Lewy. Mgonjwa huona watu na wanyama wasiokuwapo, akazungumza nao mchana kweupe. Ni nyumba ngapi Pemba zimemsikia mzee akizungumza na asiyeonekana, zikamtafuta mganga, zikamfukiza ubani na kumpunga pepo wiki baada ya wiki, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzitajia jina hilo? Jengine huanzia mbele ya ubongo, ambapo ndipo penye haya na subira za binadamu. Tabia hubadilika kabla ya kumbukumbu, mara nyingi hata mtu hajafika miaka 65. Mwanamme mpole akaanza kutukana, mwanamke wa stara akavua nguo mbele za watu. Watu wakasema kakosa adabu, au kafanya uchawi umemrudia. Nimemjua mtu aliyezikwa na jina hilo la uchawi, na watoto wake mpaka leo wanalibeba.

Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye dimensia mwaka 2021, karibu milioni 10 wakiongezeka kila mwaka, na zaidi ya asilimia 60 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kuwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi walikuwa nayo. Hai si Wete, na siwezi kuichukua hesabu ile nikaibandika kwetu. Lakini muitazame foleni ya wazee wa Pencheni Jamii, mkadirie mmoja katika kila 16, halafu mjiulize wangapi kati yao wamewahi kuonwa na daktari kwa ajili ya akili zao.

Hai wametuachia kitu kikubwa kuliko hesabu. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilivyotoka nje humtaka mgonjwa aandike sentensi au achore saa. Mama yangu amehitimu chuo cha Qur'ani na anaisoma, lakini kalamu hakuishika. Kwa vipimo vile ataonekana mgonjwa tangu akiwa na miaka 30. Kule Hai walitengeneza kipimo kifupi cha kumfaa mtu asiyekwenda skuli: anatajiwa maneno akumbuke baadaye, anaambiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anapangiwa njiti za kiberiti kwa muundo fulani naye azipange vivyo hivyo. Muuguzi wa kituo chochote cha afya anaweza kufundishwa. Gharama yake ni kiberiti, karatasi moja, na muda usiozidi ule wa kumpima mtu presha na kuzungumza naye vizuri. Kipimo hicho peke yake hakimalizi kazi, ila kinamjulisha muuguzi nani apelekwe mbele. Na huko huko walijaribu vikundi vya kuchangamsha akili, wazee wakikutana kuzungumza, kuimba na kufanya kazi ndogo za mikono, na matokeo yakawa mazuri kwa fikra zao na kwa raha ya maisha yao.

Sasa nilalamike. Nilipompeleka mama kutibiwa mara ya kwanza nilijibiwa, "Ni uzee huo, bibi, mwombeeni dua." Dua tunaiomba, na hatutaiacha. Lakini hakupimwa damu, hakuulizwa dawa anazokunywa, hakuulizwa kama aliwahi kuanguka. Waheshimiwa, yapo mambo yanayofanana kabisa na dimensia na yanatibika: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, huzuni nzito ya mjane aliyenyamaza, damu iliyovuja taratibu ndani ya fuvu baada ya kuteleza chooni, hata mchanganyiko wa dawa alizopewa na madaktari tofauti. Neno "uzee" likitamkwa, mlango wa kuyatafuta hayo yote hufungwa. Na mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, kwani mara nyingi ana maambukizi ya mkojo, ya mapafu, au malaria. Jambo hili lingeweza kuandikwa ukutani katika kila kituo.

Safari ya pili tuliambiwa tuvuke bahari twende Unguja. Kwa mtu mwenye akili timamu meli ni usumbufu wa kawaida. Kwa mgonjwa aliyeondolewa chumbani kwake, akaingizwa ndani ya chombo kinachotikisika na kelele za watu asiowajua, ni kitisho ambacho sitaki kukielezea. Baadaye tukapewa dawa ya kumtuliza. Sitaki kumshutumu aliyeiandika. Nataka mjue tu kwamba baadhi ya dawa kali za kutuliza, kama haloperidoli, zinaweza kumdhuru vibaya mgonjwa wa Lewy, na kwa mwenye dimensia yoyote dawa za kundi hilo huongeza hatari ya kiharusi na ya kifo. Zina mahali pake, kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, mikononi mwa aliyefundishwa. Shirika la Afya Duniani linao mwongozo wa maradhi ya akili na mishipa ya fahamu kwa wahudumu wasio mabingwa, na dimensia imo ndani yake. Tunachohitaji ni wahudumu wa Pemba kufundishwa mwongozo huo na kurejewa kila baada ya muda, ili safari ya bahari ibaki kwa yule asiye na budi.

Na nyumbani nani anauguza? Mnajua. Kwa hesabu za dunia wanawake ndio wenye asilimia 70 ya saa za kuwauguza watu wenye dimensia. Kwa macho yangu hapa Wete ni zaidi. Ni binti aliyeachika akarudi kwao, mkwe, mjukuu wa kike aliyeacha skuli. Anaamka usiku kwa sababu mgonjwa ameamka. Anafua mashuka kabla ya alfajiri. Analaumiwa na ndugu walioko Dar es Salaam au Uarabuni, ambao huzungumza na mama dakika tano kwenye simu wakamsikia mzima. Mimi naliona jambo hili kuwa ni kazi, tena nzito kuliko nyingi zinazolipwa, na naomba wizara ilione hivyo.

Kazi hiyo ina ufundi wake, na ufundi hufundishika. Kila alasiri, kivuli kikishafika mlangoni, mama huanza kuhangaika: "Nipelekeni kwetu." Yuko kwake, katika nyumba aliyozaliwa. Zamani ningemjibu kuwa hapa ndipo kwenu, naye angezidi kupandwa na hasira. Nilikuja kujifunza kwa mwanamke mwenzangu mwenye mgonjwa kama wangu kwamba hakuna haja ya kushindana naye. Namwambia haya, twende. Nampa mkono, tunazunguka mpaka mwembeni, namuuliza habari za mama yake, tunarudi ametulia. Msimu wa karafuu ukifika tunamwekea fungu mbele yake. Jina langu hulikosea, lakini vidole vinachambua, karafuu huku, makonyo kule, bila ya kukosea hata moja, na uso wake hubadilika. Ubongo hauharibiki wote kwa pamoja. Kazi za mikono zilizozoewa miaka mingi hubaki muda mrefu baada ya majina na tarehe kwenda. Kusuka ukili ni vivyo hivyo. Kusoma sura alizohifadhi utotoni ni vivyo hivyo. Mambo haya nimeyapata kwa bahati, kwa mazungumzo ya uani. Kwa nini mwanamke wa Kojani au wa Makunduchi ayapate kwa bahati?

Asiyefundishwa hufunga. Nalitaja kwa uchungu, lakini nalitaja: wapo wazee wanaofungiwa chumbani kwa kufuli, na wapo wanaofungwa kamba mguuni wasitoke wakapotea. Wanaowafunga wengi wao hawana roho mbaya. Wamechoka, wana kuni za kutafuta, na kisima kiko karibu na nyumba. Akienda mkaguzi na karipio, kamba itafichwa tu. Akienda mtu wa ustawi na maarifa, pamoja na jirani wa kumpokea mgonjwa japo nusu siku kwa wiki, kamba itafunguliwa.

Lipo jengine ambalo sheha na hakimu wanalijua vizuri zaidi yangu. Mzee mwenye dimensia bado ana dole gumba. Kuna mikarafuu, kuna viwanja vya pwani vilivyopanda bei kwa ajili ya mahoteli, na kuna watoto wasioelewana. Anawekewa karatasi, anashikwa mkono, na shamba limeondoka. Wiki ijayo hakumbuki kama alimwona mtu. Pencheni nayo hupokelewa na anayewahi. Naomba Wizara ikae pamoja na Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kiwekwe kizuizi chepesi: mzee ambaye akili yake ina mashaka asitilishwe saini ya mauzo wala hiba bila ya barua ya daktari na shahidi asiye na maslahi, na mwenye kumpokelea pencheni ajulikane kwa sheha kwa jina. Nasema akili yenye mashaka, sisemi kila mzee. Hata aliyekwisha kuambiwa ana dimensia, mwanzoni anaweza kuamua mengi mwenyewe, na ana haki ya kuulizwa. Ndiyo maana kugundua mapema kuna faida hata kama dawa ya kuyaponya maradhi haijapatikana: mtu hupata muda wa kusema anataka nini angali anajua anachosema.

Kwa masheikh wetu na Ofisi ya Mufti nina neno pia. Ipo familia iliyogombana kwa sababu bibi alikunywa maji mchana wa Ramadhani, na nyengine inayompigia kelele babu kwa kusali rakaa sita za adhuhuri. Qur'ani, katika Surat An-Nahl na tena katika Surat Al-Hajj, imewataja wanaorudishwa katika umri dhalili mpaka wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijikinga kwa Mola wake na umri huo. Na imepokewa kwamba kalamu imeondolewa kwa aliyelala, kwa mtoto, na kwa aliyeondokewa na akili. Khutba moja ya Ijumaa ikiyaeleza haya itawapunguzia watu mzigo ambao Mwenyezi Mungu hakuwatwika, na itafika pale ambapo tangazo la redio halifiki.

Kinga nitaigusa kidogo, maana mnaijua. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilisema mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa, yakiwamo presha, kisukari, sigara, elimu ndogo utotoni, upweke, na kutosikia au kutoona vizuri kusikotibiwa. Kliniki za presha na kisukari tayari zipo. Mgonjwa aliyekaa hapo akiambiwa kuwa presha isiyotibiwa hula kumbukumbu pia, huenda akavikumbuka vidonge vyake.

Mwaka 2017 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, Tanzania ikiwamo, zilipitisha mpango wa dunia wa kukabiliana na dimensia, unaozitaka nchi ziwe na mipango yao. Wa Zanzibar unaweza kuanza kwa udogo. Chagueni kituo kimoja cha afya katika kila wilaya, muuguzi mmoja afundishwe kupima na kuzungumza na familia. Wahudumu wa afya wa jamii waongezewe maswali machache kuhusu mzee wa nyumba. Masheha wawe na orodha ya siri ya nyumba zenye wagonjwa, ili mzee akionekana anatangatanga bandarini au barabarani ijulikane apelekwe wapi. Pale Limbani, penye wazee na nafasi ya kukaa, paanzishwe siku moja kwa wiki ya kuwakusanya wagonjwa wa mjini Wete, ili wanaowauguza wapate kulala.

Tarehe 1 Oktoba huadhimishwa Siku ya Wazee Duniani, na viongozi wetu husimama kuwasifu wazee. Safari hii naomba hotuba itutajie mambo matatu: ni kituo gani Pemba kitaanza, ni mwezi gani, na ni nani tutakayemwendea kuuliza ikiwa mwezi huo utapita. Mimi nitakuwepo uwanjani, na mama nitakuja naye ikiwa siku hiyo atakuwa ameamka vizuri.

Wassalaam,

Binti anayeuguza mama,
Wete, Pemba